Maji Yakiingia Ndani ya Oili

Mazungumzo ya fundi wa mashine kwa vikundi vya kujisaidia vinavyotumia pampu za mtoni, Kericho na Bomet. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.

 

Niliombwa nizungumze juu ya utunzaji wa mashine za kikundi. Hilo ni jambo kubwa mno kwa asubuhi moja, na nikijaribu kulimaliza mtalala. Kwa hiyo nitachukua kitu kimoja tu, tone la maji. Nasema lile tone linaloanguka chini ya pampu, katikati ya pampu na injini, wakati mashine inavuta maji mtoni. Wengi wenu mmeliona. Linaanza kidogo, tone moja ukihesabu hadi kumi. Baada ya mwezi linakuwa uzi. Na kila mtu wa kikundi hulipita akisema, "Si maji bado yanafika juu?"

Kweli yanafika juu. Ndiyo sababu hakuna anayeshtuka. Mkanda wa posho mili ukikatika, kazi inasimama siku hiyo hiyo na mwenyekiti anaitwa. Lakini pampu inayovuja hufanya kazi wiki nyingi, na ndani yake inakufa polepole.

Mwaka fulani, mwezi wa pili, niliitwa na kikundi kimoja upande wa Bomet. Sitakitaja jina. Wana kitalu cha miche ya chai, nasari kama tunavyosema, na ile miche ilikuwa imeshafunuliwa nailoni, inangoja mvua ya mwezi wa tatu na wa nne ili iuzwe. Nyote mnajua miche ya umri huo haivumilii jua la Januari na Februari bila maji. Waliniambia, "Fundi, mashine imegoma, kamba haivutiki." Nikafungua bolti ya chini ya kumwaga oili. Kwanza yakatoka maji. Halafu ikatoka kitu cheupe kizito, rangi ya chai ya maziwa. Mama mmoja akasema, "Hiyo ndiyo chai tumekunywa na mashine yetu." Watu walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Ndani, kranki ilikuwa imeota kutu, beringi zimeliwa, na ile fimbo inayoshika pistoni imegandamana na kranki. Injini hiyo ilinunuliwa kwa michango ya bonasi ya nyumba karibu thelathini. Sili iliyovuja, yaani kile kitu kilichosababisha yote, bei yake haizidi sana bei ya jogoo mmoja.

Jambo lililonisumbua zaidi ni hili. Walikuwa wameliona tone tangu mwezi wa kumi na moja. Mweka hazina alikuwa na pesa. Lakini kamati ilisema tungoje mkutano, mkutano ukaahirishwa kwa sababu ya Krismasi, na katikati ya hapo kijana mmoja akamleta fundi wa njiani akaziba pale panapovuja kwa silikoni. Tone likakoma. Wote wakafurahi. Na hiyo silikoni ndiyo iliyomaliza injini. Wacha nieleze kwa nini, maana mkishika hili moja tu leo, safari yenu haikuwa bure.

Mashine yenyewe ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Upande mmoja kuna injini ya petroli, ile ndogo ya nguvu za farasi 5 na nusu hivi, ama Honda yenyewe ama zile za Kichina zilizotengenezwa kwa kuifuata. Upande wa pili kuna pampu. Shafti ya injini inatoka nje ya injini na kuingia moja kwa moja ndani ya pampu, na kwenye ncha yake imefungwa ile feni inayosukuma maji, ambayo mafundi huiita impela. Kwa hiyo shafti moja ina kichwa ndani ya maji na miguu ndani ya oili. Ni lazima pawe na mlango kila upande. Mlango wa upande wa maji ni sili ya maji. Mlango wa upande wa oili ni sili ya oili, ule mpira mweusi wa mviringo wenye spring nyembamba ndani yake.

Sasa sikilizeni vizuri. Hizi sili mbili hazikuwekwa zimegusana. Katikati yake, kwenye pampu nyingi za namna hii, mtengenezaji ameacha nafasi wazi, na chini yake pana tundu au mfereji. Ameiacha makusudi. Alijua sili ya maji itachakaa siku moja, akataka maji yatakayopita yaanguke chini kabla hayajafika kwenye injini. Lile tone mnaloliona ni mashine inawaambia, "Mlango wa kwanza umeharibika, mlango wa pili bado." Ukiziba tundu lile kwa silikoni, au kwa kitambaa, au kwa sabuni kama nilivyoona mahali pengine, maji hayana pa kwenda. Yanajaa pale katikati na kusukuma sili ya oili, na sili ya oili imetengenezwa kuzuia oili isitoke. Haikutengenezwa kupigana na maji ya pampu. Itayapitisha.

Hata tope likiziba tundu hilo lenyewe, matokeo ni yale yale. Kwa hiyo kila mkiosha mashine pitisheni kijiti pale.

Nilijifunza kuogopa maji ndani ya oili nikiwa kijana, na sikujifunzia huku kwenye chai. Mto wetu Kipsonoi, na Itare, na Kiptiget, yote inashuka kwenye Sondu na kuingia Ziwa Victoria. Na mimi nilishuka pia. Nilifanya kazi ya ufundi upande wa Homa Bay, kwenye injini za mashua za wavuvi, nyingine kuukuu kabisa. Injini ya mashua ina giaboksi yake chini, inazama majini saa zote, na propela imeshikwa na shafti inayotoka ndani ya ile giaboksi. Ni habari ile ile: oili ndani, maji nje, na sili katikati. Tofauti ni kwamba huko hakuna nafasi wala tundu la kukuonyesha tone. Sili ikikatika, maji yanaingia moja kwa moja kwenye gia. Na kinachoikata mara nyingi ni uzi wa nailoni wa nyavu, unajizungusha kwenye shafti nyuma ya propela na kuila sili kama msumeno.

Kwa sababu hakuna tone la kuwaonya, wavuvi waangalifu wana desturi. Mashua ikilala usiku mzima imetulia, asubuhi wanalegeza kidogo ile skrubu ya chini ya giaboksi. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yameingia yametuama chini, na yatatoka kwanza. Yakitoka maji, hawaendi ziwani. Wanatoa propela, wanatafuta uzi, wanabadilisha sili. Kabla ya kurudisha oili fundi mzuri hupuliza hewa kidogo ndani kwa pampu ya baiskeli, kwa nguvu ndogo tu, anatumbukiza giaboksi kwenye pipa la maji na kutazama povu linatokea wapi. Mara nyingine anakuta sili ni nzima kabisa na kinachovuja ni washa ndogo ya ile skrubu, kitu cha shilingi chache. Halafu oili inaingizwa kutoka tundu la chini mpaka itokeze tundu la juu, ili hewa isibaki ndani. Anafunga skrubu ya juu kwanza, ndipo ya chini.

Nimewaambia haya kwa sababu mtu wa ziwani hangoji mkutano. Giaboksi ikisaga gia zake katikati ya maji, usiku, upepo ukiwa umeamka, watu wanaweza kufa. Sisi huku mashine ikifa nasari hakuna anayezama. Ndiyo maana tunaahirisha. Lakini waulizeni wale akina mama wa Bomet waliobeba ndoo kutoka mtoni kupanda kile kilima, wiki tatu, asubuhi na jioni, ili kuokoa miche. Waliokoa karibu nusu.

Haya, turudi kwenye pampu. Mtajuaje kama maji yameshaingia kwenye injini? Kila asubuhi kabla ya kuwasha, mashine ikiwa imesimama sawa bila kuinama, fungueni kifuniko chenye kijiti cha kupimia oili, kipanguseni, kirudisheni bila kukikaza, mkitoe tena, mkitazame. Oili nzuri ni ya rangi ya asali. Oili iliyofanya kazi ni nyeusi, na hiyo si ugonjwa. Oili iliyo nyeupe kama chai ya maziwa, hiyo imeingiwa na maji. Pia tazameni kiasi chake. Oili ikipanda bila mtu kuiongeza, jiulizeni nani ameongeza.

Lakini msiwe na hofu ya bure. Sisi tunakaa karibu mita 2,000 juu ya bahari, na wengine zaidi, na asubuhi zetu ni za baridi. Mashine ikilala nje mnaweza kuona povu jeupe kidogo chini ya kifuniko. Huo ni unyevu wa hewa. Iwasheni ifanye kazi mpaka ipate moto sawasawa, ndipo mtazame tena. Povu likiisha na oili kwenye kijiti iko safi, endeleeni na kazi. Rangi ya maziwa ikibaki, zimeni.

Mkiona maziwa, mashine isiwashwe tena hata kwa dakika tano za "kumalizia tu mstari huu". Kwanza rekebisheni sili. Halafu mwageni oili yote, wekeni oili mpya hata kama ni ya bei nafuu, washeni dakika chache bila kuikimbiza, mwageni tena, ndipo muweke oili nzuri. Injini ya kiasi hicho inachukua karibu lita 0.6 tu, kwa hiyo hata mkibadilisha mara mbili hamjafilisika. Oili chafu msiimwage mtoni wala kwenye shamba. Iwekeni kwenye mtungi mpelekee gereji.

Kuibadilisha sili ya maji si kazi ya kuogopwa. Nimeona mama wa miaka hamsini akiifanya vizuri kuliko vijana, kwa sababu hakuwa na haraka.

Toeni kofia ya plagi ili injini isije ikawaka mikononi mwenu. Fungeni petroli. Mwageni maji yaliyo ndani ya pampu kwa kufungua kizibo cha chini. Sasa fungueni bolti zinazozunguka uso wa pampu, na kama uso haubanduki, upigeni polepole kwa kipande cha ubao pande zote. Msichomeke bisibisi kwenye maungano, mtachana gasketi na kukwaruza chuma, na hapo mtakuwa mmejitengenezea uvujaji mwingine.

Ndani mtaona impela. Inafunguka kwa kuizungusha kushoto mkiwa mmeitazama, na kwa sababu kazi yenyewe huzidi kuikaza kila siku, itakuwa imekaza kweli. Wekeni ncha ya mti mgumu kwenye jino moja la impela, mpige mti ule kwa nyundo, pigo moja fupi la ghafla kuelekea upande wa kufungua. Pigo la ghafla linafungua hata bila kushika injini upande wa pili. Msipige jino kwa chuma, litavunjika. Na tafadhali, kijana asije akachomeka bisibisi kwenye mapezi ya flaiwili ili kuishikilia. Mapezi yakivunjika injini itatetemeka na kukosa upepo wa kuipoza.

Impela ikitoka, tazameni nyuma yake. Huenda kuna washa nyembamba kama karatasi. Zihesabuni, zirudi zote. Hizo ndizo zinazoweka nafasi kati ya impela na nyumba yake.

Sili ya maji ni vipande viwili. Kimoja kina spring na pete nyeusi ya kaboni, hicho kinazunguka pamoja na impela. Cha pili ni pete nyeupe ya kauri iliyovaa mpira, imekaa ndani ya ukuta wa pampu na haizunguki. Nyuso za hizo pete mbili, nyeusi na nyeupe, zinasuguana siku nzima, na zimelainishwa sana kiasi kwamba maji hayapati nafasi ya kupita ila utando mwembamba mno. Utando huo ndio unaozipoza. Zisomeni pete zenu za zamani kabla ya kuzitupa, maana zinasema nani ameziua. Mkiona mistari ya mviringo kama santuri, ni mchanga na tope la mto. Mkiona kauri imepasuka au kaboni imeungua na kumeguka, pampu ilizunguka bila maji.

Bandueni ukuta wa pampu kutoka kwenye injini, kwa kawaida ni bolti nne, halafu sukumeni ile kauri kutoka nyuma kwa kipande cha mti. Na hapa, kabla ya kurudisha chochote, itazameni sili ya oili ya injini, kwa sababu sasa iko wazi mbele yenu na hamtaiona tena mpaka mfungue siku nyingine. Kama kuna oili imelowa kuizunguka, au kama mliona maziwa ndani ya injini, ibadilisheni sasa hivi. Iondoeni kwa ndoano bila kuikwaruza shafti. Halafu pitisheni ukucha kwenye shafti pale mdomo wa sili ulipokuwa unasugua. Mkihisi mfereji, sili mpya ikikaa pale pale itavuja ingali mpya. Iingizeni kidogo zaidi ndani, au iacheni nje kidogo, tofauti ya unene wa kucha tu, ili mdomo wake ukae kwenye chuma kizima. Upande wenye spring unatazama oili. Pakeni oili kwenye mdomo. Na kwa vile ncha ya shafti ina meno makali ya skrubu, yafungeni kwa selotepu kabla ya kupitisha sili, isije ikachanika njiani. Zamani tulitumia mfuko wa nailoni, lakini hiyo mifuko ilipigwa marufuku mwaka 2017 na sitaki mtu ashikwe kwa ajili yangu.

Kauri mpya inaingia na maji ya sabuni kwenye mpira wake, wala si grisi. Mpira wa baadhi ya sili unaharibika kwa grisi. Uso mweupe unatazama impela. Ufunikeni kwa kitambaa safi, mweke juu yake kipande cha paipu ya plastiki kinachotosha, msukume kwa mkono sawasawa mpaka uketi. Ikipigwa nyundo inapasuka, na ufa mwingine hauonekani kwa macho. Msiguse uso ule kwa vidole, kwa sababu vidole vya fundi vina mafuta na mchanga. Ukiguswa, upanguseni kwa kitambaa safi. Baada ya hapo rudisheni ukuta, pete nyeusi na spring yake, washa zote, impela kwa mkono mpaka ikae, gasketi mpya au ule mpira wa mviringo, uso wa pampu, na bolti zikazwe kwa kupishana kama magurudumu ya gari. Vuteni kamba polepole kabla ya kurudisha kofia ya plagi. Mkisikia chuma kinakwaruza ndani, fungueni tena. Kisikike sasa, si baada ya kuwasha.

Gasketi ya karatasi mnaweza kukata wenyewe kwa karatasi ya gasketi inayouzwa dukani. Si boksi la biskuti. Nasema hivyo kwa sababu najua watu.

Jambo la spea. Msiende mjini na maneno, nendeni na sili yenyewe, vipande vyote viwili, hata kama vimevunjika. Muuzaji hawezi kujua mnachotaka kwa kuambiwa "ya pampu ya inchi mbili". Sili ya oili ni rahisi zaidi, kwa sababu mara nyingi imeandikwa namba tatu mgongoni: upana wa tundu la ndani, upana wa nje, na unene, kwa milimita. Ikiwa 25, 40 na 7, basi sili yoyote nzuri yenye namba hizo itakaa, hata kama kampuni iliyotengeneza mashine yenu ilishaacha kuitengeneza. Kule ziwani ndivyo tulivyoziweka hai injini ambazo spea zake halisi zilikuwa hazipatikani tena. Nunueni mbili, moja ikae stoo.

Sasa, kwa nini sili zetu zinakufa mapema hivi? Nimefungua pampu nyingi katika wilaya hizi, kaunti tunasema siku hizi, na kauri zilizopasuka ni nyingi kuliko zilizokwaruzwa. Maana yake pampu zetu zinazungushwa kavu.

Sababu moja ni haraka tu: mtu anawasha kabla ya kuijaza pampu maji kwa kile kizibo cha juu, akidhani itajivutia yenyewe. Bila maji ndani, zile pete zinasuguana kavu, na hazichukui muda kuungua. Sababu ya pili ni koki kufungwa mwisho wa paipu na mashine ikiachwa inazunguka. Maji yale yale yanapigwa ndani mpaka yanachemka. Sababu ya tatu watu wengi hawaijui, nayo ni urefu wa nchi yetu. Pampu haivuti maji kama mtu anavyovuta kamba. Ni uzito wa hewa ya nje unaoyasukuma maji kupanda kwenye paipu, na huku juu hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Kila mkipanda mita 1,000, pampu inapoteza karibu mita moja ya uwezo wake wa kuvuta. Kwa hiyo kama kitabu cha mashine kinasema inavuta kutoka mita 8 chini, kitabu hicho kiliandikwa kwa watu wa pwani. Huku kwetu hesabuni 5, na 6 mkiwa na paipu nzima isiyopitisha hewa. Lakini mimi nakuta mashine imewekwa juu kabisa ya ukingo, kando ya nasari, kwa sababu hakuna anayetaka kuibeba kushuka. Inazunguka dakika nyingi ikitafuta maji, na wakati huo wote sili inakaangwa.

Ishusheni karibu na maji. Kusukuma juu inaweza sana, kuvuta kutoka chini ndiko kunakoisumbua. Iwekeni juu ya ubao au jiwe la bapa ili petroli ikimwagika isiingie mtoni, na jioni irudi nyumbani, maana Nyangores ikijaa usiku haibishi hodi. Chujio la paipu liwe ndani ya ndoo au kikapu kilichotobolewa, lisiguse chini ya mto. Siku mto umekuwa mwekundu kwa mvua, acheni kuvuta. Siku hiyo miche haihitaji maji hata hivyo.

Wakati wa chai mzee mmoja aliniuliza nani anastahili kuilinda mashine, kwa sababu kwao kila nyumba ina zamu yake. Mzee, zamu ya kumwagilia iwe ya wote, lakini kijiti cha oili kiwe cha mtu mmoja au wawili mnaowaamini, wenye daftari. Waandike tarehe, saa ilizofanya kazi, oili ilikuwa rangi gani, tone liko au haliko. Oili ya mashine mpya hubadilishwa baada ya saa 20 za kwanza, halafu kila saa 100 au miezi sita, na bila daftari hakuna anayejua saa 100 zimefika lini. Na huyo mtu apewe ruhusa na kamati, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, ya kutumia pesa ya sili moja na oili bila kungoja mkutano. Wekeni kiasi, aleteni risiti. Najua kuna vikundi vilivyovunjika kwa sababu ya pesa ndogo kama hizo, na ninaelewa mnapoogopa. Lakini hesabuni pia kile mnachoogopa kupoteza, mkilinganisha na injini.

Na kwa wale ambao hawajafanya hivyo, kuvuta maji ya mto kwa mashine kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Hilo si somo langu, ulizeni ofisi yao.

Vijana, msaidieni mama yule kuitoa pampu kwenye gari, tuiweke pale nje kwenye meza palipo na mwanga. Amesema inatoa tone tangu wiki iliyopita. Tutaanza na kijiti cha oili. Nani amekuja na spana namba 12?